Tairi na Rimu za Baiskeli ya Mizigo: Mafundisho kwa Wakulima wa Kibaha na Kisarawe

Mkulima mwenzangu,

Kazi ya bwana shamba haikomi penye tuta la mihogo. Mazao yakiisha kuvunwa hayana budi kusafirishwa, na zao lisilofika sokoni ni sawa na zao lisilolimwa. Katika wilaya zetu hizi mbili, toka Mlandizi na Soga mpaka Maneromango na Mzenga, wakulima wengi bado hupakia mihogo, nazi, machungwa, mananasi na kuni juu ya baiskeli. Pikipiki ni nyingi siku hizi, lakini pikipiki yataka petroli kila siku, na baiskeli yataka nguvu za mwenyewe na matunzo tu. Kwa hiyo imefaa kuandika karatasi hii juu ya jambo moja ambalo watu wengi hulidharau: namna ya kupatanisha upana wa tairi na rimu iliyo imara, ili gurudumu lichukue mzigo bila kuvunjika njiani.

Soma polepole. Usipofahamu fungu moja, rudi ulisome tena mbele ya baiskeli yako, ukiwa na rula mkononi.

1. KWA NINI JAMBO HILI NI LA KILIMO

Wajua mwenyewe tabia ya muhogo. Ukiwa ardhini waweza kungoja miezi. Lakini ukiisha kuchimbwa, huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ukiukata waona mistari ya rangi ya samawati na nyeusi ndani ya nyama yake, na mnunuzi akiiona mistari hiyo hutikisa kichwa akaenda zake. Basi baiskeli ikivunjika gurudumu katikati ya njia, hasara si ya gurudumu peke yake. Ni hasara ya gunia zima, na ya kazi ya miezi tisa au kumi na miwili iliyotangulia. Machungwa nayo yakianguka hupondeka, na tunda lililopondeka huoza na kuambukiza yaliyo karibu nalo katika tenga.

Nitawaeleza kisa kimoja, wala sikisimulii kwa kujisifu, maana kosa lilikuwa langu. Zamani nilipokuwa kijana katika kazi hii, mkulima mmoja wa upande wa Kisarawe alinijia akilalamika kwamba gurudumu lake la nyuma lazama mchangani. Baiskeli yake ilikuwa ya mtumba, ya mwendo wa kasi, yenye rimu nyembamba. Mimi nikamwambia, “Mzee wangu, nunua tairi pana.” Akanisikiliza. Akanunua tairi la milimita 47 akalivika katika rimu ile ile, ambayo ndani ilikuwa na milimita 15 tu. Kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito, akalijaza upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Siku ya tatu, akiteremka kilima na magunia mawili ya mihogo, ukingo wa rimu ukafunguka, tairi likatoka, mpira wa ndani ukapasuka kwa kishindo. Yeye aliumia goti, na mihogo ikalala kando ya njia siku mbili. Ilipofika sokoni hakuna aliyeitaka.

Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: “Mwanangu, tairi ulilonishauri lilikuwa baya?” Nikashindwa kumjibu. Tairi halikuwa baya, na rimu haikuwa mbovu. Ubaya ulikuwa katika kuviunganisha. Tangu siku ile nimejifunza yale ninayowaandikia hapa.

2. MZIGO UNACHUKULIWA NA NINI

Tuanze na hesabu. Mtu ana kilo 60, baiskeli ina kilo 20, gunia lina kilo 100. Jumla ni kilo 180. Kwa kuwa gunia lipo juu ya keria, nyuma ya mwendeshaji, sehemu kubwa ya uzito huo hulala juu ya gurudumu la nyuma. Tuseme kilo 120 au kuzidi.

Kinachozichukua kilo hizo ni upepo uliofungiwa ndani, na mpira ni mfuko wake tu. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo mjini Belfast mwaka 1887, faida aliyoleta ndiyo hiyo: mtu kukaa juu ya mto wa upepo badala ya mpira mgumu. Ukijaza upepo kiasi cha ratili 57 kwa inchi ya mraba, ni kama kilo 4 kwa kila sentimeta ya mraba. Basi kilo 120 zagawanywa kwa 4, na jibu ni sentimeta za mraba 30. Hicho ndicho kipande cha ardhi ambacho tairi lako hukikanyaga, nacho ni kidogo kuliko kiganja cha mkono wako. Uzito wote wa mavuno wapita hapo.

Upepo ukipungua, kipande hicho hupanuka, na tairi hulala chini zaidi. Likilala sana, rimu hugonga jiwe kupitia mpira. Mpira wa ndani hubanwa katikati, ukatobolewa matundu mawili yaliyo sambamba kama meno ya nyoka. Ukiona pancha ya namna hiyo usiilaumu miiba. Upepo ulikuwa haba, au tairi lilikuwa jembamba kwa mzigo ule.

Tairi pana lina nafasi kubwa zaidi ya kulala kabla rimu haijagonga, tena laweza kwenda kwa upepo mdogo kidogo, lisizame sana katika mchanga. Njia zetu za Kisarawe ni za mchanga mwingi; kwa hiyo tairi pana ni jema. Walakini kuna sharti, nalo ndilo fungu lifuatalo.

3. TAIRI PANA LINAVYOIVUTA RIMU

Upepo uliomo ndani ya tairi husukuma pande zote. Huyavuta mashavu ya tairi kwenda nje, na mashavu huzivuta kingo za rimu. Nguvu ya mvuto huo hutokana na mambo mawili: ukali wa upepo na upana wa tairi. Ikiwa upepo ni sawa, tairi la milimita 48 huzivuta kingo kama mara moja na nusu kuliko tairi la milimita 32.

Sasa waona kosa langu la zamani. Mzee yule alikuwa na tairi pana, na upepo mkali, na rimu nyembamba. Kila kimoja peke yake chavumilika. Vyote vitatu pamoja huvunja. Basi shika kanuni hii: tairi pana lataka upepo wa kiasi na rimu pana, upepo mkali sana ni wa matairi membamba. Usipite kamwe kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Iko hatari nyingine ya tairi pana juu ya rimu nyembamba. Tairi hukaa kama taa juu ya kinara chembamba. Ukikata kona huyumba upande mmoja kisha upande wa pili, na mwendeshaji huona kama baiskeli yateleza. Mashavu ya tairi hujikunja karibu na ukingo na kupasuka mapema.

Na kinyume chake pia si chema. Tairi jembamba juu ya rimu pana hutandazwa mno, likawa bapa. Kingo za rimu hutokeza karibu sawa na tairi, na kila jiwe la njiani huzigonga. Rimu hupata mabonde, na baada ya hapo breki haishiki vizuri.

4. KIPIMO CHA KUPATANISHA

Chukua rula. Vua tairi. Pima nafasi iliyopo kati ya ukingo na ukingo, upande wa ndani wa rimu. Usipime nje kwa nje, maana unene wa chuma utakudanganya. Andika kipimo hicho kwa milimita.

Kisha tazama ubavuni mwa tairi usome upana wake. Gawanya upana wa tairi kwa upana wa ndani wa rimu. Mafundi wana kanuni hii: jibu lisipungue 1.4 wala lisizidi 2.2. Kwa baiskeli ya mzigo mzito, mimi nakushauri ukae katikati, tangu 1.6 hata 2.

Ili usisumbuke na hesabu, hivi ndivyo ilivyo kwa mizigo mizito:

Rimu ya milimita 20 ndani: tairi la milimita 32 mpaka 40.
Rimu ya milimita 22 ndani: tairi la milimita 35 mpaka 44.
Rimu ya milimita 25 ndani: tairi la milimita 40 mpaka 50.
Rimu ya milimita 30 ndani: tairi la milimita 48 mpaka 60.

Gurudumu la yule mzee lilikuwa na tairi la 47 juu ya rimu ya 15. Gawanya, utapata zaidi ya 3. Ungalikuwa na karatasi hii siku ile, ungalinizuia.

5. ALAMA ZA TAIRI NA UDANGANYIFU WA INCHI

Kupatana kwa upana hakutoshi. Kipenyo nacho ni lazima kipatane. Hapa ndipo watu wengi wapotezapo fedha zao dukani. Mtu husema, “Nipe tairi la inchi 26,” akapewa, akafika nyumbani likakataa kuingia. Sababu ni kwamba inchi zile ni majina ya zamani, na jina moja lina vipimo zaidi ya kimoja.

Tafuta alama ya mataifa, yenye nambari mbili na kistari katikati. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi likaapo juu ya rimu, nacho pia ni kwa milimita. Nambari ya pili ikiwa sawa katika tairi na katika rimu, vitaingiana. Isipokuwa sawa, acha.

Hizi ndizo utakazokutana nazo sana:

635. Ni ya baiskeli kubwa za kawaida, zenye breki za fimbo za chuma, ambazo tairi lake huandikwa 28 kwa 1½. Alama yake ni 40-635.
622. Ni ya baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya. Huandikwa 700C, pengine 28, na kwa matairi mapana ya mlimani huandikwa 29.
630. Huandikwa inchi 27, nayo ni ya baiskeli za zamani za mwendo wa kasi.
590. Huandikwa 26 kwa 1⅜.
559. Ni ya baiskeli za mlimani. Huandikwa 26 kwa 1.95 au 26 kwa 2.125.

Tazama ajabu hii: tairi la 26 kwa 1⅜ na tairi la 26 kwa 2.125 yote yaitwa inchi 26, lakini rimu zake zatofautiana kwa milimita 31. Hakuna fundi awezaye kuyabadilisha. Hatari zaidi ni matairi yanayokaribiana. Tairi la 635 laweza kuvikwa juu ya rimu ya 630, nalo litaonekana limekaa. Lakini limelegea, na siku ya mzigo na jua kali litaruka nje. Usikubali mtu akuambie, “Litaingia tu.” Kuingia si kukaa.

6. RIMU ILIYO IMARA NI IPI

Sasa tuitazame rimu yenyewe. Ziko za chuma na ziko za alumini.

Rimu ya chuma ni nzito na huota kutu, hasa kwetu pwani penye hewa ya chumvi. Walakini ina wema wake: ikipigwa hujikunja kuliko kukatika, na fundi wa kijijini aweza kuinyosha. Ubaya wake mkubwa ni wakati wa mvua. Breki za mpira hazishiki vema juu ya chuma kinachong'aa kilicholowa. Kwa hiyo katika masika anza kufunga breki mapema, mbali na mahali utakapo kusimama.

Rimu ya alumini ni nyepesi, haioti kutu kama chuma, na breki hushika vizuri zaidi ikilowa. Ukinunua ya alumini kwa ajili ya mizigo, chagua ile yenye kuta mbili, yaani iliyo na tumbo wazi kati ya tabaka la juu na la chini. Ile ya ukuta mmoja ni ya kwendea mjini bila mzigo. Rimu ya alumini ikipasuka haiungwi, itupe.

Kagua ukingo ambao breki husuguana nao. Breki na mchanga hula rimu kidogo kidogo kila siku, kama maji yalavyo kingo za mto Ruvu. Weka rula ubavuni mwa rimu. Ukiona nafasi katikati, yaani ubavu umeingia ndani kama kijiko, rimu hiyo imekonda. Haifai tena mzigo, hata kama tairi ni jipya.

Tena angalia aina ya breki. Baiskeli kubwa za breki za fimbo hushika rimu kwa upande wa ndani, unaoelekea kitovu cha gurudumu. Breki za waya zenye mikono miwili hushika mbavu. Ukibadili rimu bila kutazama jambo hili, utakuwa na gurudumu zuri lisilo na breki.

7. SPOKI

Rimu bila spoki nzuri ni pete tu. Kabla ya kununua rimu hesabu matundu yake, kisha hesabu matundu ya kitovu. Baiskeli za Kiingereza za zamani zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma. Nyingi nyingine zina 36 kila upande. Ni lazima rimu na kitovu vilingane. Kwa mzigo mzito usishuke chini ya 36 nyuma.

Unene wa spoki huitwa kwa nambari, na nambari ikipungua unene huongezeka. Nambari 14 ni kama milimita 2. Nambari 13 ni kama milimita 2.3, nambari 12 ni kama milimita 2.6. Nambari 13 hufaa sana gurudumu la nyuma la mizigo. Nambari 12 ni nene zaidi, lakini matundu ya kitovu hayana budi kuwa makubwa ya kuipokea.

Watu hudhani spoki hukatika kwa kukazwa sana. Mara nyingi hukatika kwa kulegea. Gurudumu likizunguka, kila spoki ifikapo chini hulegea kidogo, na ikipanda hukaza tena. Spoki iliyolegea tangu mwanzo hucheza na kujikunja penye shingo yake kila mzunguko, maelfu ya mara kabla hujafika sokoni, mpaka ikachoka. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hufuata.

Jaribu hivi: zigonge spoki za upande mmoja kwa msumari, mojamoja, usikilize. Zikitoa sauti inayokaribiana, ni vema. Ile inayotoa sauti nzito ya chini imelegea. Mpelekee fundi kabla ya safari. Na gurudumu lililosukwa upya, lirudishe kwa fundi baada ya wiki moja, maana spoki mpya hujikalisha na kulegea.

8. NAFASI YA MATOPE NA UTEPE WA NDANI

Kabla ya kununua tairi pana, pima nafasi iliyopo kati ya tairi la sasa na uma, na kati ya tairi na madigadi. Baada ya kuvika tairi jipya yabaki walau milimita 6 kila upande. Katika bonde la Ruvu udongo ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha hushika tairi kama unga uliokandwa, na nafasi ikiwa ndogo gurudumu litakwama kabisa.

Ndani ya rimu uwepo utepe wa kufunika vichwa vya spoki. Ukikosa, spoki hutoboa mpira wa ndani toka chini, na utaziba pancha kila siku bila kujua asili yake. Utepe uliokatwa katika mpira mkuukuu wa ndani hufaa, mradi usiwe mpana hata ukapanda juu ya kiti cha tairi.

9. KUPAKIA

Gurudumu jema laweza kuharibiwa na upakiaji mbaya. Weka mzigo chini na karibu na kitovu cha gurudumu iwezekanavyo. Matenga mawili yanayoning'inia kando, yenye uzito sawa, ni bora kuliko gunia moja la lumbesa lililosimama juu ya keria. Kilicho juu hupepesuka, na kila kupepesuka huzivuta spoki za upande mmoja. Funga kamba za mpira zisilegee, wala mwisho wake usining'inie karibu na spoki.

Penye kilima, shuka usukume; penye mteremko mkali wa milima ya Pugu, shuka pia. Si aibu. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu huko Vietnam, wachukuzi walipitisha vyakula na silaha milimani kwa baiskeli zilizopakiwa kilo 200 na kuzidi. Walifaulu kwa kuwa waliziimarisha baiskeli zile kwa vyuma na miti, na kwa kuwa hawakuzipanda. Walizisukuma kwa miguu, mti mmoja umefungwa kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti. Watu walioshinda jeshi kubwa hawakuona haya kutembea kando ya baiskeli zao.

10. DESTURI NJEMA KABLA YA KUVUNA

Hili ndilo neno kuu la karatasi hii. Kagua gurudumu kabla ya kushika jembe. Muhogo ulio ardhini hauozi kwa sababu ya siku moja. Muhogo uliochimbwa haukungojei fundi. Basi jioni ya kabla ya siku ya kuchimba, fanya haya:

Kwanza, inua gurudumu la nyuma ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, spoki zimelegea au rimu imepinda.
Pili, gonga spoki usikilize.
Tatu, pitisha vidole juu ya tairi ukitafuta miiba, vioo na nyufa za mashavu. Ukiona nyuzi za kitambaa, tairi hilo limekwisha.
Nne, tazama mbavu za rimu na penye matundu ya spoki. Ufa mdogo wa leo ni mfereji wa kesho.
Tano, jaza upepo. Mzigo ukiisha kupakiwa tazama tairi la nyuma: livimbe kidogo chini, lakini lisilale.
Sita, funga breki zote mbili na usukume baiskeli mbele. Gurudumu lisizunguke.

Kazi yote hiyo haizidi robo ya saa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukiwa huna fedha za kutengeneza magurudumu yote mawili kwa mara moja, anza na la nyuma, kwa maana ndilo libebalo. Na ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, ama tairi ama rimu, kagua kwanza kilicho kibovu zaidi, ununue kingine kwa kipimo chake. Wala usinunue tairi pana leo kwa tumaini la kununua rimu pana mwakani. Kati ya leo na mwakani kuna magunia mengi.

11. MWISHO WA KISA

Yule mzee, goti lake lilipopona, tulikwenda pamoja kwa fundi. Tulinunua rimu ya alumini ya kuta mbili, yenye milimita 25 ndani na kipenyo cha 622, matundu 36, na spoki nambari 13. Tairi tulilovika ni lile lile la milimita 47 lililomwangusha. Fundi alilikagua akaliona zima. Gawanya 47 kwa 25: si zaidi ya 1.9. Upepo tuliujaza kwa kiasi kilichoandikwa, tukaacha kushindana na jiwe kwa ugumu. Miaka mingi alichukua mihogo yake kwa gurudumu lile, akabadili tairi mara kadhaa, rimu ikabaki. Hivyo swali lake nililijibu, ingawa kwa kuchelewa: tairi halikuwa baya.

12. MASWALI YA KUJIJARIBU

Wasomee watoto wako maswali haya, mjibu pamoja.

(a) Rimu ina milimita 22 ndani. Dukani wauza tairi la 54-622. Je, lafaa kwa mzigo?
(b) Jirani ana rimu ya 590. Amepewa tairi lililoandikwa 26 kwa 2.125. Je, litaingia?
(c) Mpira wa ndani una matundu mawili yaliyo sambamba. Sababu yake ni nini?
(d) Rimu mpya ina matundu 36 na kitovu kina 40. Ufanyeje?

Majibu: (a) Halifai, 54 ukigawanya kwa 22 wapata zaidi ya 2.4. (b) Halitaingia, hilo ni la 559. (c) Upepo ulikuwa haba, au tairi ni jembamba kwa mzigo, rimu ikagonga. (d) Usinunue, tafuta rimu ya matundu 40, au ubadili kitovu pia.

Ukiisha kuisoma karatasi hii usiitupe. Itundike karibu na mahali uwekapo baiskeli, au umpe fundi wako wa kijiji, kwa maana fundi mmoja akielewa, baiskeli mia zitapona. Nami nawatakia mavuno mema, na safari ya salama mpaka sokoni na kurudi.